Turudishieni kipindi kizima, siyo nyimbo tupu

Tangu mwaka huu uanze, makundi ya WhatsApp ya huku Kigoma yamekuwa yakisambaza tanzia ya MTV. Zipo picha za nembo ile ikiwa imewekewa shada la maua, zipo sauti za watu wazima wakilia kwamba muziki kwenye runinga umekwisha, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakahitimisha kuwa hakuna tena mtu mwenye haja ya kutazama nyimbo za zamani. Habari yenyewe ni ndogo kuliko tanzia. Tarehe 31 Desemba 2025 kampuni ya Paramount ilizima chaneli tano za muziki nchini Uingereza: MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live. Chaneli mama ipo, inaendelea na vile vipindi vyake vya maisha ya watu ambavyo ndivyo vilivyoumeza muziki wake miaka mingi iliyopita. MTV Music iliaga kwa video ileile iliyoifungua MTV kule Marekani tarehe 1 Agosti 1981, na nadhani ni mbwembwe hizo za kuaga zilizowafanya watu waamini kuwa umekufa ukoo mzima.

Kosa hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni hitimisho. Chaneli zilizozimwa zilikuwa mashine za kupiga nyimbo mfululizo: video moja, halafu nyingine, usiku na mchana, bila mtu wa kukuambia chochote. Kazi hiyo simu inaifanya vizuri zaidi, kwa hiyo hakuna ajabu chaneli zikifungwa. Lakini hamu ambayo watu wanayo, hamu inayomfanya mzee wa Ujiji akae mbele ya runinga usiku kusubiri marudio, haijawahi kuwa hamu ya nyimbo mfululizo. Ni hamu ya kipindi: kitu chenye saa ya kuanza na saa ya kwisha, chenye mtangazaji, chenye mpangilio uliofanywa na mtu mwingine, na chenye nyimbo ambazo wewe mwenyewe usingezichagua. Vitu hivi viwili tunavichanganya. Kwa kuvichanganya, vituo vyetu vimekuwa vikiturudishia zamani iliyokatwakatwa, na hasara ya kukatwa huko inaanza na sisi tulio mwisho wa reli.

Uingereza hiyohiyo iliyozima MTV 80s inatoa ushahidi wa upande wa pili. BBC ilianza kurusha kipindi cha Top of the Pops tarehe 1 Januari 1964, kutoka jengo la Manchester lililokuwa zamani kanisa, na ikakifunga tarehe 30 Julai 2006. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake kilikuwa cha Alhamisi jioni, na katika miaka ya 1970 kilitazamwa na watu wapatao milioni 15. Kanuni yake ilikuwa rahisi: wimbo unaopanda kwenye chati unaingia, unaoshuka hauingii, na ulioshika namba moja unafunga kipindi. Wasanii wengi hata hawakuimba, walichezesha midomo tu juu ya rekodi. Aprili 2011 chaneli ya BBC Four ikaanza kukirudia kuanzia vipindi vya mwaka 1976, wiki kwa wiki, miaka 35 baada ya kurushwa mara ya kwanza. Jambo lililoonekana kama la kujazia ratiba limeendelea kwa zaidi ya miaka kumi na limejenga watazamaji wake, wakiwemo waliozaliwa baada ya nyimbo hizo kusahaulika. Kama tatizo lingekuwa kwamba watu wamechoka na muziki wa zamani kwenye runinga, marudio haya yangekufa kabla ya MTV 80s.

Kinachowashika watazamaji ni jambo ambalo chaneli ya nyimbo mfululizo haiwezi kulitoa. Vitabu vya muziki vya Uingereza vinaieleza 1976 kama mwaka wa kuzaliwa kwa panki, vijana wenye nywele za miiba na hasira na serikali. Ukitazama marudio ya mwaka huo, panki unaitafuta kwa tochi. Unakutana na waimbaji wa mapenzi waliovaa suti za kung'aa, na nyimbo za vichekesho. Juni 1976 namba moja ilishikwa na kundi la The Wurzels kwa wimbo unaohusu mashine ya kuvunia nafaka. Hakuna mtu anayeutia wimbo huo kwenye orodha ya nyimbo bora za karne, na hakuna chaneli ya zilipendwa ingeupiga. Lakini ndio ambao watu waliununua, na kwa hiyo unaeleza 1976 kwa ukweli ambao nyimbo bora za mwaka huo haziwezi kuueleza. Kuijua enzi kwa nyimbo zake bora tu ni sawa na kumpima mvuvi wa Kibirizi kwa samaki aliyepiga naye picha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu historia yetu ya runinga ina umbo la pekee ambalo wanaonakili mijadala ya Ulaya hulisahau. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara hatukuwa nayo. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji makubwa kuliko hayo, na sina nia ya kubishana na uamuzi huo leo. Ila matokeo yake kwa muziki tunapaswa kuyataja wazi. Vituo binafsi, CTN na ITV miongoni mwao, vilianza mwaka 1994, na cha serikali, TVT, kikafuata karibu na mwaka 2000. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki Januari 1979. Marijani Rajab alifariki 1995, runinga ya Bara ikiwa bado inajifunza kutembea. Maana yake ni kwamba kipindi chote ambacho bendi zetu zilikuwa juu kabisa, hapakuwa na kamera ya kituo chochote cha Bara ya kuzipiga picha kila wiki.

Kwa magharibi ya nchi pengo hilo ni kubwa zaidi. Tabora peke yake ilikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi tatu ambazo mji mwingine wowote ungejivunia hata moja. Western Jazz, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1959 na kuja na mtindo wa saboso, ilianzishwa na watu wa huku, akiwemo Iddi Nhende wa Nzega. Shem Karenga alianzia kwenye bendi za Kigoma kabla ya kung'ara na Tabora Jazz, na wimbo wa Dada Asha bado unachezwa harusini na watu ambao hawajui ulitoka wapi. Hawa wote tunawasikia, hatuwaoni. Tunawasikia kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam iliwaita studio ikawarekodi, na bila RTD leo tusingekuwa na chochote. Lakini nayo RTD ilikuwa na chujio. Mashairi yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa, na hata wimbo uliokwisha kutoka ungeweza kunyimwa hewa, kama ilivyokuwa kwa Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala uliohimiza matumizi ya kondomu. Kwa hiyo hata ile zamani tunayoiita safi, yenye maadili, ilisafishwa na watu waliokaa mezani. Anayesema nyimbo za zamani zote zilikuwa na heshima anasifia kazi ya kamati bila kujua.

Runinga ilipokuja, Kigoma haikuipokea kama Dar es Salaam ilivyoipokea. Ili kuishika ITV ulihitaji ungo, na ungo ulikuwa wa watu wachache: mfanyabiashara, baa, nyumba ya wageni. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 tu. Wengi wetu tulionea muziki kwenye vibanda umiza, mbele ya runinga ya chogo na deki, na sehemu kubwa ya kilichowekwa humo ilikuwa mikanda kutoka ng'ambo ya ziwa, ikipita Bujumbura, Uvira au Kalemie: Pepe Kallé, Koffi Olomidé, Wenge Musica kabla na baada ya kugawanyika mwaka 1997. Nakumbuka mkanda mmoja pale Mwanga ambao mtu alikuwa ameunakili moja kwa moja kutoka runinga ya Kinshasa, na mtangazaji wake, mzee wa miwani mikubwa, alikuwa akiongea dakika nyingi kati ya wimbo na wimbo. Mwenye kibanda alizoea kumrusha. Watu walimpigia kelele amrudishe, ingawa Kifaransa chake kilieleweka kwa wachache na Kilingala chake kwa nusu yetu. Tulitaka kujua nani kagombana na nani.

Naeleza haya kwa sababu mkanda ule, pamoja na chenga zake na matangazo ya sabuni yaliyonasa katikati, ulikuwa kumbukumbu bora kuliko karibu kila kitu kinachorushwa leo kwa jina la marudio. Tazama kinachoitwa marudio kwenye vituo vyetu vya sasa. Ni saa moja ya video za miaka ya 2000 zilizochomolewa kwenye vipindi vyake, zikaunganishwa, zikawekewa nembo mpya ya kituo pembeni na tangazo la kubeti juu yake. Mwaka hauandikwi. Mara nyingi hata jina la mwongozaji wa video halipo. Mtangazaji wa awali amekatwa, watazamaji waliokuwa studio wamekatwa, mahojiano yamekatwa, na wimbo uliopigwa baada ya huo, wa msanii aliyetoa kichupa kimoja akarudi kwao Kasulu kulima, huo ndio uliokatwa kwanza. Yanabaki majina yaleyale. Kijana wa miaka ishirini akitazama hayo anapata picha ya Bongo Fleva iliyotengenezwa na watu kama kumi na watano wa Kinondoni na Temeke, na kwamba mikoa mingine kazi yake ilikuwa kushangilia.

Picha hiyo ni ya uongo, na Kigoma ni ushahidi. Ukoo wa Diamond Platnumz na wa Ali Kiba una mizizi huku. Peter Msechu alijulikana nchi nzima kupitia mashindano ya Bongo Star Search. Mwaka 2012, kwa msukumo wa Zitto Kabwe aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, wasanii wenye asili ya mkoa huu walijiunga kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na kwa muda mfupi Kigoma ilikuwa kwenye kila runinga kama mahali panapotoa muziki. Hao ni waliofika kileleni, na waliofika kileleni hawahitaji utetezi wangu. Nawazungumzia wale waliokuwa katikati ya kipindi, waliopewa dakika nne kati ya wawili wakubwa. Wao hawana njia nyingine ya kurudi hewani isipokuwa kipindi kirudishwe kizima, kwa sababu hakuna mhariri wa leo atakayewatafuta kwa majina.

Zipo hoja za kupinga ninachosema, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya fedha. BBC inaishi kwa ada inayolipwa na kila kaya yenye runinga, kwa hiyo inaweza kurusha kipindi cha 1979 bila kuhofia mtangazaji wa biashara. Kituo cha Dar es Salaam kinachoishi kwa matangazo kinataka wimbo unaojulikana ndani ya sekunde tano, la sivyo mtazamaji anahama. Hoja hii siikatai. Nasema tu kwamba inawahusu wa binafsi. Haihusu shirika la umma, ambalo kazi yake ni kufanya yale ambayo biashara haiwezi. Pili, kuna suala la haki. Kipindi kimoja kizima kina watunzi, waimbaji, waongozaji na watangazaji, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua. Kurudisha kipindi kizima ni kuamsha madai ya watu wengi kwa mpigo, huku mfumo wetu wa mirabaha ukiwa bado unalalamikiwa na wasanii. Ni kweli pia. Lakini nyimbo zilezile sasa zinapigwa moja moja bila mtu kujua nani kalipwa, na orodha ya kipindi kizima chenye tarehe ni rahisi kukaguliwa kuliko mchanganyiko usio na majina. Mwenye nia ya kulipa hufaidika na kumbukumbu kamili. Asiye na nia ndiye anayefichwa na mchanganyiko.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi kidogo. Vijana wa Gungu na Mwandiga wanaorekodi leo kwenye vyumba vilivyobandikwa trei za mayai ukutani wanasema kila saa ya marudio ni saa waliyonyang'anywa wao. Wanasema vituo vinapenda zamani kwa sababu ni rahisi: hakuna studio ya kupanga, hakuna mpiga kamera wa kulipa. Wana haki ya kusema hivyo. Mahali pekee ninapotofautiana nao ni kwenye kudhani kwamba saa hiyo ikiondolewa watapewa wao. Uzoefu wetu unaonyesha saa hiyo huchukuliwa na tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili au uchambuzi wa mechi iliyokwisha kuchambuliwa. Tena msanii mpya wa mkoani ndiye mwenye faida kubwa zaidi ya kuonekana kwa mfano uliomtangulia, wa mtu wa kwao aliyesimama jukwaani mwaka 2004 akiwa na lafudhi ya Kiha na asichekwe.

Husemwa pia kwamba YouTube ina kila kitu. Haina. Ina kile ambacho mtu fulani aliamua kupandisha, kwa sababu zake, na anaweza kukishusha kesho. Ina nyimbo nyingi na vipindi vichache sana vizima. Na kwa mtu wa Uvinza au Urambo, saa mbili za video ni bando la kufikiria mara mbili. Mengine yote yanayosemwa kuhusu YouTube ni sahihi.

Hoja dhaifu kuliko zote, kwa bahati mbaya, ndiyo inayosikika zaidi na inatoka kwa watu walio upande wangu. Ni ile ya kwamba tuangalie marudio kwa sababu muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na wa sasa ni kelele. Wanaoishikilia wangefaa kukumbuka kwamba Novemba 1969 wakubwa wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za Dar es Salaam, kwa madai kwamba unaharibu vijana. Vijana waliokuwa wakiharibiwa wakati huo ndio mababu wanaotuambia leo kuwa enzi zao watu walijiheshimu. Miaka thelathini baadaye, Bongo Fleva ya mwanzo iliitwa muziki wa kihuni na watu waliokuwa wanapenda dansi, na sasa Bongo Fleva hiyohiyo ya mwanzo inatumiwa kuitukana singeli na amapiano. Na dawa ya hoja hii ipo ndani ya marudio yenyewe, mradi yawe mazima. Mtu akionyeshwa kipindi cha mwaka 2003 chote, bila kuchujwa, atakutana na mashairi ya ovyo, mavazi ya kuazima, vijana watatu wanaoimba wimbo mmoja wa kuiga, na mtangazaji anayesifia vyote hivyo kwa sauti ileile. Atakutana pia na wimbo mmoja uliomtoa machozi wakati ule. Atautambua uzuri wake kwa sababu ya ulichozungukwa nacho, na ataacha kuwaonea wadogo zake. Kukata ndiko kunakozalisha ile dhana ya zamani iliyojaa dhahabu tupu. Anayetaka kupambana na majivuno ya wazee apiganie marudio mazima kuliko anavyopigania kuyafuta.

Lipo jambo moja ambalo msimamo wangu haulimalizi. Kipindi kizima kinarudi na watu wake, na baadhi yao walikuja kujulikana kuwa waovu. Kipindi cha kwanza kabisa cha Top of the Pops kiliendeshwa na Jimmy Savile. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ilifichuka kuwa alikuwa amewanyanyasa kingono watu wengi, wakiwemo watoto, na BBC Four ikaanza kuviruka vipindi alivyoviendesha. Sioni jinsi ambavyo ingefanya vinginevyo. Waathirika wako hai, na hakuna kumbukumbu yenye thamani ya kuwarudishia uso ule sebuleni mwao. Ila kuna tofauti kati ya kuruka kwa kusema na kuruka kimyakimya. Mtazamaji akiambiwa kwamba wiki fulani haipo na kwa nini haipo, pengo lenyewe linakuwa sehemu ya historia. Sisi tumezoea aina ya pili. Msanii akigombana na kituo, nyimbo zake hutoweka kwenye marudio ya miaka kumi nyuma, na hakuna anayetamka kitu.

Kuna haraka katika haya yote ambayo mjadala wa MTV umeifunika. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku: ikifika takriban 2025, kisichohamishiwa kwenye mfumo wa dijitali kitakuwa kwenye hatari ya kupotea moja kwa moja, kwa sababu kanda zinaoza na mashine za kuzisoma hazitengenezwi tena. Mwaka huo umekwisha pita. Hata wenye uwezo walipoteza. BBC ilifuta vipindi vingi vya Top of the Pops vya miaka ya 1960, kwa sababu kanda zilikuwa ghali zikatumiwa tena, na kwa sababu makubaliano na vyama vya wasanii yaliwekea marudio mipaka hivyo hakuna aliyeona faida ya kuvitunza. Mara pekee ambayo Beatles walitumbuiza ana kwa ana ndani ya studio ya kipindi hicho, Juni 1966, ilifutwa hivyo. Mwaka 2019 vikapatikana vipande vifupi visivyo na sauti, kimoja kikiwa kimepigwa na familia ya Liverpool iliyoelekeza kamera yake kwenye runinga ya nyumbani. Kama kundi lile lilinusurika kwa kamera ya familia, haifai kudhani kwamba vipindi vyetu vya mwaka 1998 vimelala salama kabatini mahali fulani.

Huku magharibi mali hiyo iko mikononi mwa watu. Iko kwenye masanduku ya waliokuwa na vibanda umiza, chini ya vitanda Ujiji na kwenye stoo za baa za Tabora zilizobadilika kuwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu mweupe kwenye ukanda, na joto la mabati linamaliza kazi. Fundi wa deki ni wa kutafutwa. Halmashauri inayotenga fungu la tamasha la utamaduni kila mwaka inaweza kununua deki mbili zilizotumika na kompyuta moja, na kumlipa fundi huyo miezi sita kabla hajastaafu. Hiyo ni kazi ya hapa, na haingoji Dar es Salaam.

TBC nayo, iliyorithi RTD na TVT, ina nafasi ambayo hakuna kituo binafsi kilicho nayo. Inachopaswa kufanya ni kutenga saa moja kwa wiki, siku moja isiyobadilika, na kurudisha vipindi vya muziki vya TVT kwa mpangilio wa tarehe, tangu cha kwanza kilichosalia, kikiwa na mtangazaji wake, matangazo yake ya biashara na makosa yake ya sauti, na chini ya skrini majina na mwaka. Penye pengo, pasemwe kuna pengo. Wiki za mwanzo zitachosha. Watazamaji watatuma ujumbe kulalamika kwamba nyimbo zao hazijafika, kwamba yule wa pili na yule wa nne hawajulikani, kwamba mtangazaji anaongea sana, na watapendekeza virukwe. Wakubwa wa vipindi watapata kishawishi cha kuwasikiliza, hasa takwimu za watazamaji zikishuka mwezi wa pili. Wakikubali, tutakuwa tumepata chaneli nyingine ya nyimbo mfululizo, wakati Paramount imekwisha tuonyesha zinapoishia.